Kusomea Shahada ya Kihispania Ukitokea Moshi au Arusha: Mwongozo Kamili

Katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro, nilimkuta mgeni wa makamo ameketi juu ya jiwe, kichwa amekiinamishia magotini. Kiongozi wake alikuwa kijana hodari, mwenye kuweza kutaja kwa Kihispania kila mnyama wa Ngorongoro na kila kituo cha mlimani, na siku nzima alikuwa akiwachangamsha wageni wake bila kuchoka. Yule mama akasema: “Me duele la cabeza desde anoche y estoy mareada.” Kijana akatabasamu, akamwambia waende polepole, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini: “Dada, huyu mama anasemaje hasa?” Nikamweleza kwamba kichwa kinamuuma tangu jana usiku na kwamba anasikia kizunguzungu, na hayo si maneno ya kuyapita juu juu kwenye mlima wenye urefu wa mita 5,895. Jioni ile ile mgeni aliteremshwa.

Nilikuwa likizoni, nikisoma mwaka wa pili wa chuo, na tukio hilo ndilo lililonifundisha kwamba katika mikoa yetu kuna Kihispania cha aina mbili. Kipo cha kukariri, ambacho wengi wamekipata garini na mlimani na ambacho kimelisha familia nyingi kwa heshima, na kipo cha kusomea, ambacho humfikisha mtu mahali pa kusikia kile ambacho hakukitarajia, kukisoma, kukiandika na kukichambua. Mwongozo huu ni wa kijana aliyemaliza au anayekaribia kumaliza kidato cha sita, na wa mzazi wake, wanaofikiria aina hiyo ya pili kwa kiwango cha shahada ya kwanza.

Fahamu kwanza shahada yenyewe inabeba nini

Wanafunzi wengi huingia wakidhani kwamba shahada ya lugha ni kozi ndefu ya mazungumzo, na wengi wao huvunjika moyo katika muhula wa tatu, pale mazungumzo yanapopungua na kazi za kuandika zinapoongezeka. Nchini Hispania shahada ya kwanza ya fani hii huchukua miaka minne na huwa na krediti 240, yaani krediti 60 kwa mwaka. Krediti moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha darasa na kujisomea, kwa hiyo mwaka mmoja ni saa 1,500 hadi 1,800 za kazi. Nchini Marekani shahada nzima kwa kawaida ina krediti zipatazo 120, na Kihispania kama fani kuu huchukua takriban 30 hadi 36 kati ya hizo, huku zilizobaki zikijazwa na masomo mengine.

Ndani ya shahada utakutana na fonetiki na fonolojia (sauti za lugha), mofolojia (maumbo ya maneno), sintaksia (muundo wa sentensi), isimujamii (lugha katika jamii), tafsiri, na historia ya lugha tangu Kilatini, kupitia karne za utawala wa Waislamu ulioanza mwaka 711, hadi sarufi ya Antonio de Nebrija ya mwaka 1492 na kuanzishwa kwa Real Academia Española mwaka 1713. Upande wa fasihi utasoma riwaya ya Cervantes kuhusu Don Quijote, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 1605 na 1615, kisha utavuka bahari kwenda kwa Gabriela Mistral wa Chile, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1945, Pablo Neruda, aliyeipata mwaka 1971, na Gabriel García Márquez wa Kolombia, aliyeipata mwaka 1982. Mwisho huja tasnifu, ambayo huandikwa kwa Kihispania chenyewe.

Ukisoma aya hiyo ukahisi hamu badala ya uzito, endelea. Kama unachokitaka ni kuzungumza na wageni tu, kozi nzuri ya miezi kadhaa pamoja na mazoezi ya kila siku itakufikisha huko kwa gharama ndogo kuliko miaka minne ya chuo, na hakuna aibu yoyote katika uamuzi huo.

Chagua njia kabla ya kuchagua chuo

Hapa nchini Kifaransa na Kichina vina nafasi kubwa zaidi vyuoni, na shahada kamili inayobeba jina la Kihispania ni adimu. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ni kufungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wa mwaka unaoombea, na kuupekua ukurasa kwa ukurasa kutafuta programu za lugha za kigeni na isimu, badala ya kutegemea alichosikia jirani. Mwongozo hubadilika kila mwaka, na maelezo ya mwaka juzi yanaweza kukupotezea nafasi.

Njia ambayo ningemshauri mdogo wangu aanze kuifikiria ni hii: kusoma shahada ya isimu, ya lugha nyingine au ya utalii hapa nchini, huku Kihispania kikijengwa pembeni kwa mpango madhubuti na kuthibitishwa kwa mtihani wa kimataifa. Njia hiyo haikupi cheti chenye jina la Kihispania, lakini inakuwezesha kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, inakuweka karibu na nyumbani, na inakuachia mlango wa shahada ya pili wazi.

Njia ya pili ni kwenda Hispania kwenyewe. Hapo cheti chako cha kidato cha sita kitahitaji kutambuliwa rasmi kuwa sawa na kile cha sekondari ya huko, utaratibu wanaouita homologación, na maombi mengi ya wanafunzi wa kigeni hupitia huduma ya UNEDasiss, inayoendeshwa na chuo kikuu cha UNED. Vyuo vingine hudai pia mitihani ya masomo maalumu. Fedha ndiyo kizingiti kikubwa: mwombaji wa viza ya masomo huonyesha kwamba ana uwezo wa kujikimu kwa kiwango kilichowekwa na serikali yao, ambacho mwaka 2024 kilikuwa euro 600 kwa mwezi, yaani euro 7,200 kwa mwaka, sawa na shilingi milioni 18 na zaidi, kabla hujagusa ada wala nauli. Mzazi aione hesabu hiyo mapema, na aione ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Usiingize mkopo wa HESLB katika hesabu ya safari ya nje, kwa kuwa mfumo wake umejengwa hasa juu ya vyuo vya ndani.

Ipo pia njia ya masafa. UNED, chuo kikuu cha umma cha Hispania kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya elimu ya masafa, hufundisha shahada ya lugha na fasihi ya Kihispania. Inamfaa mtu mzima mwenye kazi na nidhamu ya chuma, na ambaye tayari anasoma Kihispania bila kusitasita. Kwa kijana anayeanza na “hola” siipendekezi.

Vyeti na nyaraka

Kwa vyuo vya ndani, kiwango cha chini cha kawaida kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, lakini programu nyingi hudai zaidi. Waliosoma HKL, HGL au KLF wako katika nafasi nzuri, na aliyesoma Kifaransa atakuta jinsia za nomino na minyambuliko ya vitenzi havimtishi. Kwa nje, anza kukusanya vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na pasi ya kusafiria mwaka mzima kabla. Nyaraka za kwenda Hispania hutakiwa kuthibitishwa rasmi na kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na ubalozi wao upo Dar es Salaam, kwa hiyo kila karatasi iliyosahaulika ni safari nyingine ya basi kutoka stendi ya Moshi. Kabla hujalipa chochote kwa chuo cha nje, iulize TCU kama inakitambua.

Jenga msingi kabla ya kuingia darasani, na uujenge juu ya Kiswahili

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na masomo ya chuo huanza Oktoba au Novemba. Hata ukiondoa wiki za JKT kwa wale wanaoitwa, bado unabaki na muda wa thamani kubwa. Saa mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 12, ni saa 144, na hizo zinatosha kukuingiza darasani ukiwa umeshaivuka hofu ya mwanzo. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani kimekiweka Kihispania katika kundi la lugha rahisi zaidi kwa wasemaji wa Kiingereza, na bado huwapa wanafunzi wake wiki zipatazo 30 za darasa la kutwa. Kwa hiyo usiwe na pupa, na pia usipoteze miezi hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Vitabu karibu vyote vya Kihispania utakavyovipata mjini vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza, na mwanafunzi wetu huvifuata kwa kutafsiri mara mbili: kutoka Kihispania kwenda Kiingereza, kisha kutoka Kiingereza kwenda kichwani mwake. Mzunguko huo ni hasara tupu, kwa sababu katika mambo mengi Kihispania na Kiswahili hukaa upande mmoja.

Rudi kwa yule mama wa Horombo. “Me duele la cabeza” ni “kichwa kinaniuma”, neno kwa neno: kichwa ndicho kinachouma, na mimi ndiye ninayeumwa, nimewekwa ndani ya tungo kama mtendwa. Kitabu cha Kiingereza hutumia nusu ukurasa kueleza ajabu hiyo, ilhali kwetu si ajabu hata kidogo. Tazama tena: “tengo hambre” ni nina njaa, “tengo sed” ni nina kiu, “tengo miedo” ni nina hofu, “tengo prisa” ni nina haraka, na “tengo veinte años” ni nina miaka ishirini. Mswahili anayeanza kwa Kiingereza huishia kuandika “soy hambre”, kosa ambalo lugha yake mwenyewe isingemruhusu kulifanya.

Kitenzi pia kinafanana kwa tabia. Sisi husema “nasoma” bila kutaja “mimi”, kwa kuwa kiambishi kimeshamtaja mtenda, na Mhispania husema “leo” (nasoma) au “leemos” (tunasoma) bila kutaja “yo” wala “nosotros”, kwa kuwa mwisho wa kitenzi umemtaja. Mtendwa hutangulia: “lo compro” ni nakinunua. Kivumishi hufuata nomino na kupatana nayo: “kitabu chekundu” na “libro rojo”, “vitabu vyekundu” na “libros rojos”. Mtu aliyekulia ndani ya ngeli za Kiswahili hawezi kuogopa lugha yenye jinsia mbili tu za kisarufi.

Kisha kuna ile hali ya kitenzi inayowaliza wanafunzi wa mataifa mengine, subjuntivo. Sema “nataka useme”, halafu sema “quiero que hables”. Kitenzi cha kwanza kinataka, cha pili kinageuza irabu yake ya mwisho kuwa e: sema, useme, hablas, hables. Si kila kitenzi cha Kihispania kitakuonyesha e hiyo, kwani kundi jingine hugeuka kuwa a, lakini wazo ni lile lile ulilozaliwa nalo: jambo linalotakiwa, linaloombwa au linaloogopwa halisemwi kwa umbo la jambo linalotendeka. Nilipoligundua hilo, usiku mmoja chumbani, nilifunga kitabu cha mazoezi na kuandika sentensi arobaini za “nataka uje, naomba usubiri, ili wasichelewe”, kila moja na mwenzake wa Kihispania, na tangu hapo sikuwahi kuhitaji kukariri orodha.

Ser na estar, vitenzi viwili vinavyobeba maana ya “kuwa”, vina siri ambayo sijaikuta katika kitabu chochote nilichosomea. “Soy de Moshi” ni mimi ni wa Moshi, na “estoy en Moshi” ni niko Moshi. Hapo ni rahisi. Lakini angalia pia kiambishi chetu cha -me- kinapoeleza hali iliyopo sasa: amechoka, “está cansado”, ameketi, “está sentado”, amelala, “está dormido”, amekasirika, “está enojado”, kikombe kimevunjika, “la taza está rota”, hata amekufa, “está muerto”, jambo linalowashangaza wengine kwa kuwa kifo ni cha kudumu. Pale ambapo Kiswahili kinaeleza hali kwa -me-, mara nyingi Kihispania kitataka estar. Si kanuni isiyo na mwanya, ila itakuokoa mara nyingi kuliko maelezo ya “kudumu” na “kutodumu” yaliyojaa vitabuni.

Katika matamshi, irabu tano ni zile zile zetu. Ñ ni ny ya nyanya, ch ni ya chai, h haitamkwi, na z ya sehemu kubwa ya Hispania ni th ya thelathini, wakati Amerika ya Kilatini huitamka s. J ni ile kh ambayo wazee wa pwani huitoa katika “kheri”. Kazi ipo kwenye r na rr, kwa kuwa “pero” ni lakini na “perro” ni mbwa, na kazi kubwa zaidi iko kwenye v, ambayo sisi tunaitenga na b ilhali wao wanaitamka sawa nayo. Mkazo wa neno lililoishia kwa irabu, n au s hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, na unapohamia kwingine huandikiwa alama. Usiidharau alama hiyo. Sisi tunajua tofauti ya barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa, ingawa hatuiandiki; wao huiandika: “término” ni istilahi au kikomo, “termino” ni namaliza, na “terminó” ni alimaliza.

Msamiati nao una ndugu zetu kutoka Uarabuni. “Hasta” ni hata, “fulano” ni fulani, “azúcar” ni sukari, “azafrán” ni zafarani, na “alcalde”, meya wa mji, ametoka kwenye neno lile lile lililotupa kadhi. Wengine wamebadilika tabia njiani: “mezquino” ni ndugu wa maskini lakini maana yake ni bahili au mtu wa roho ndogo, na “tarifa” ni ndugu wa taarifa lakini maana yake ni kiwango cha bei. Kupitia Kireno tulipata pia meza na bendera, ambazo wao huziita “mesa” na “bandera”.

Mahali ambapo Kiswahili hakikusaidii ni patatu, na upajue mapema. Hatuna vibainishi vya el, la, un, una, yale maneno madogo yanayotangulia nomino, na kuviacha ndilo kosa linalojaza wino mwekundu katika insha zetu. Tuna “yeye” mmoja kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo él na ella huteleza hata kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Na “kwa” yetu imebeba mizigo ya por na para kwa pamoja; anza kwa kuigawa namna hii, “kwa ajili ya” na “ili” ziende kwa para, “kwa sababu ya” na “kwa kupitia” ziende kwa por, kisha urekebishe kadiri unavyosoma.

Miaka miwili ya mwanzo

Katika ngazi sita za Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, kuanzia A1 hadi C2, lengo langu kwa mwanafunzi ni kufikia B1 kabla ya mwaka wa kwanza kwisha na B2 kabla ya mwaka wa tatu kuanza, kwa sababu masomo ya fasihi na isimu hufundishwa yakidhani kwamba umeshafika huko. Namna ya kufika ni kuandika kila siku. Tumia daftari la mistari, kurasa mbili zinazotazamana: kushoto aya moja ya Kihispania uliyoinakili kutoka kwenye habari ya kweli, kulia tafsiri yako ya Kiswahili safi. Kesho yake funika kushoto, itafsiri ile ya Kiswahili kurudi Kihispania, kisha fungua na ulinganishe. Makosa utakayoyaona humo ni yako mwenyewe, na hayo ndiyo ya kusahihisha. Kamusi ya Real Academia Española inapatikana bure kwenye intaneti na huonyesha mnyambuliko wa kila kitenzi, na Instituto Cervantes ina hazina kubwa ya mazoezi na matini katika tovuti yake ya Centro Virtual Cervantes. Zitumie hizo kabla ya kulipia programu yoyote ya simu.

Soma kwa sauti. Riwaya ya kwanza usiisome na kamusi mkononi kwa kila neno. Pigia mstari, endelea hadi mwisho wa sura, ndipo urudi. Na chagua mapema ni lafudhi ipi utaishika, ya Hispania au ya nchi fulani ya Amerika, ili usije ukachanganya “vosotros” (ninyi) ya Madrid na “vos” (wewe) ya Buenos Aires katika sentensi moja. Katika suala la heshima, usted, yaani “wewe” ya heshima, ndiyo njia salama kwa mtu mzima usiyemjua. Mtoto aliyefundishwa shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini.

Likizo, wageni na mlima

Hakuna mwanafunzi wa Kihispania nchini mwenye bahati kama wa mikoa hii. Wahispania wengi huchukua likizo mwezi Agosti, katikati ya msimu wa wageni wengi unaoanza Juni hadi Oktoba, wakati ambao na wewe uko likizo. Omba nafasi katika ofisi ya kampuni ya utalii ya Arusha, hata bila malipo makubwa, na uombe hasa kazi ya kujibu barua pepe za maombi ya safari, kwa kuwa huko ndiko utakakojifunza kuandika kwa adabu, kueleza bei na kujibu malalamiko. Ukipanda mlimani pamoja na wagumu, yaani wapagazi, msikilize mgeni zaidi ya unavyosema, na umwombe kiongozi ruhusa kabla ya kuingilia mazungumzo yake na wateja wake. Kazi ile ni riziki yake.

Andaa mapema msamiati ambao kijana wa Horombo hakuwa nao: kutapika, kukosa usingizi, kifua kubana, dawa anazotumia mgeni, mzio. Andika pia maswali ya kumuuliza mgeni kuhusu hayo, kwa sababu mgonjwa hasemi kama kitabu.

Mtihani wa kuthibitisha kiwango

Ipo miwili inayotambulika zaidi. DELE hutolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya wizara ya elimu ya Hispania, una ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, na cheti chake hakiishi muda. SIELE hufanywa kwa kompyuta, una karatasi nne zenye alama 250 kila moja, jumla 1,000, na matokeo yake hudumu miaka mitano. Anayeomba chuo kwa haraka atafaidika na SIELE. Anayetaka cheti cha kuweka kabatini kwa maisha yake yote afanye DELE B2 au zaidi. Orodha ya vituo iangalie kwenye tovuti zao miezi sita kabla, na kama kituo kilicho karibu mwaka huo kitakuwa Nairobi, weka nauli ya kupitia Namanga na siku mbili za malazi katika bajeti, ili usiingie kwenye chumba cha mtihani ukiwa umetoka garini moja kwa moja.

Tasnifu, somo la pili na kazi

Nitasema wazi kwamba matangazo ya kazi yanayodai shahada ya Kihispania peke yake hapa kwetu ni machache. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha, haifanyi kazi kwa Kihispania. Umoja wa Afrika umekiorodhesha Kihispania na Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi, na Umoja wa Mataifa unacho kati ya lugha zake sita, lakini ofisi hizo huajiri wakalimani na wafasiri wenye lugha tatu na shahada ya pili. Ndiyo maana ninamsihi kila mwanafunzi abebe somo la pili lenye mikono: utalii, uhasibu, sheria, ualimu au biashara ya kahawa. Mtu anayeweza kuandika mkataba au kusoma hesabu kwa Kihispania atatafutwa na ofisi ambayo isingemhitaji mkalimani wa mazungumzo.

Kuhusu tasnifu, wengi hukimbilia waandishi mashuhuri wa Amerika ya Kilatini, ambao wameshaandikiwa maelfu ya kurasa. Mimi ningekuelekeza nyumbani Afrika. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, ndiyo nchi pekee huru ya bara letu ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi ya tangu ukoloni, na ina waandishi kama María Nsué Angüe na Donato Ndongo-Bidyogo, ambao Mwafrika anawasoma akiwa na macho ambayo profesa wa Madrid hana: anajua mahari ni nini, anajua msiba wa kijijini unavyoendeshwa, anajua shule ya misheni ilivyokuwa ikimpiga mtoto kwa kusema lugha ya mama yake. Anza kuwasoma mwaka wa pili. Katika kila ukurasa, pale mwandishi anapotumia Kihispania kwa namna isiyo ya Hispania, weka alama na uandike pembeni jinsi jambo hilo lingesemwa kwa Kiswahili. Ukifika mwaka wa nne ukiwa na daftari moja lililojaa alama hizo, utakuwa na mada, utakuwa na ushahidi, na msimamizi wako atakuwa na kitu cha kusoma katika kikao chenu cha kwanza.